Kengele ya Ndama na Karatasi ya Daktari

Walisema sitamaliza. Hawakusema sitaweza, maana walishaniona nikiweza. Walisema sitamaliza. Shangazi yangu alitangaza mbele ya wageni, siku ya ubatizo wa mwanawe, kwamba hata Baba Yetu huwa siifikishi mwisho: nikifika kwenye mkate wetu wa kila siku nakwenda zangu kula. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale kijijini kwetu Majimoto, ndiye aliyenifundisha kushika spana, alikuwa akiwaambia wateja: "Kijana huyu akifungua injini, mwite mtu mwingine aje kuifunga."

Leo stashahada yangu ya ufundi mitambo imetundikwa ukutani katika karakana yangu Kawajense, mjini Mpanda, ndani ya fremu ya chuma niliyoichomelea mwenyewe. Hakuna aliyenisomesha. Nauli ya kwanza ya treni kutoka Mpanda niliipata kwa kuziba pancha za baiskeli na kukarabati mashine za watu, na mtihani wa kuingia chuoni niliufanya bila mtu wa kunishika mkono. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi wa waliosema sitamaliza bado wako hai na wanajua kusoma.

Lakini nisiwadanganye wenye haki ya kujua. Katikati ya miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa, nilikaribia kabisa kuwapa ushindi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam. Mkuu wa idara aliniita ofisini akaweka mezani karatasi zangu nne za mtihani. Kila moja ilikuwa imejibiwa nusu. "Nusu hii," akasema, "ni nzuri kuliko ya darasa zima. Halafu unainuka unatoka. Unakwenda wapi?" Nilikuwa nimepoteza vifaa vya chuo mara tatu. Nilikuwa nimeacha mashine ya kukereza vyuma ikizunguka peke yake, nikaenda kuangalia mafundi waliokuwa wakichimba mtaro nje ya uzio. Mwalimu mmoja aliapa kwamba navuta bangi. Mkuu akanipa barua: nimesimamishwa. Nikirudi muhula unaofuata na maelezo ya daktari, watanifikiria. Nisiporudi nayo, nafasi yangu apewe mwingine.

Nikaenda hospitali, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, ambayo watu wakikuona unaingia wanageuza uso. Daktari alikuwa mama mmoja aliyerudi karibuni kutoka masomoni nje ya nchi. Aliniuliza maswali asubuhi nzima, nami nilisimama na kukaa mara nyingi kiasi kwamba mwishoni akaniambia nijibu huku natembea.

"Akili unazo," akasema. "Tatizo ni kwamba akili yako haina breki, na taa zake zinamulika kila upande kwa pamoja."

Aliitaja hali hiyo kwa jina lake la Kiingereza, refu kama treni ya mizigo. Siku hizi watu wanaliita kwa herufi tu, ADHD. Alisema vitabu vingi bado vinadai ni mambo ya watoto na huisha ndevu zikiota, ila yeye ameona watu wazima ambao haikuwaisha. Nikafurahi, nikanyoosha mkono nipewe barua.

"Bado," akasema. "Siandiki kwa neno lako peke yako. Hali hii haianzii ukubwani. Ikianzia ukubwani ni kitu kingine, ni bangi, au mawazo, au ugonjwa mwingine. Nataka ushuhuda wa mtu aliyekuona kabla hujaanza shule. Mama yupo?"

"Yupo Majimoto."

"Basi hii karatasi aijibu yeye, na mtu mwingine aliyekufahamu ukiwa mdogo. Isijibiwe na wewe."

Karatasi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliuliza juu ya kutotulia na kusahau. Ya pili iliuliza juu ya usonji, kwa kuwa, alivyosema, hali hizo mbili huweza kufanana kwa mtazamaji na huweza hata kukaa ndani ya mtu mmoja, naye hakutaka kukisia.

Nilipanda treni. Tabora, Kaliua, Mpanda, kisha lori la mpunga hadi Majimoto nikiwa nimekaa juu ya magunia matupu. Na hapo nikafanya kosa ambalo ni langu mwenyewe. Nilipowaona majirani wamejaa uani kumpokea msomi wao, na shangazi yangu yumo, midomo tayari imekaa mkao wa kucheka, sikuweza kusema nimesimamishwa. Nikasema: "Chuo kimenituma na karatasi. Wakubwa wanataka kunijua vizuri, tangu utoto wangu."

Kwetu sisi Wapimbwe, karatasi na kalamu zikija nyumbani kuuliza habari za mtoto, mtoto husifiwa. Iwe mtu wa sensa, iwe katibu kata, iwe posa. Mama alielewa kwamba natafutiwa kazi kubwa. Akachinja kuku.

Kesho yake alasiri akaja Mwalimu, yule mstaafu aliyenifundisha darasa la kwanza, ili asome maswali na kuandika majibu, kwani mama hakujua kusoma. Majirani walikuja bila kuitwa. Mjomba wangu, mdogo wake mama tuliyeishi naye ua mmoja, alikaa mbali kidogo juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo ukitazama watu, kama ilivyokuwa desturi yake. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache, na magunia yake ya mpunga aliyapanga kwa mstari ulionyooka mpaka watoto walikuwa wakienda kuchungulia kwa jicho moja. Mtu akilisogeza gunia moja, mjomba halali.

Mwalimu akavaa miwani. "Swali la kwanza. Je, mtoto alikuwa akiinuka kitini wakati wa chakula?"

"Kiti gani?" mama akauliza.

"Imeandikwa kiti."

"Mwalimu, wewe si umekula hapa? Sisi tunakula mkekani."

"Haya, alikuwa akiinuka mkekani?"

"Hapana. Alikaa kimya mpaka wakubwa wamalize."

Shangazi akakohoa.

"La pili. Je, alikuwa akipanda juu ya samani?"

"Samani ndiyo nini?"

"Makabati, meza kubwa kubwa."

"Andika hatukuwa na kabati. Lingekuwepo asingepanda."

Watu wakacheka kwa heshima. Kila "hapana" aliyoiandika Mwalimu kwa mwandiko wake mzuri ilikuwa inanifungia mlango wa chuo, na mama alikuwa anaufunga kwa upendo. Alisema nilisubiri zamu kisimani. Alisema nilimsikiliza kila aliyesema nami. Tukafika swali la saba: je, hupoteza au husahau vitu?

"Huyu? Hajawahi. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili."

Kisha sauti ikatoka kwenye kinu.

"Si kweli, dada."

Mjomba hakugeuka. Aliongea akitazama magunia yake. "Pampu yangu ya baiskeli aliichukua Jumatatu ya Pasaka, mwaka ambao daraja lilizolewa na maji. Alisema ataileta jioni. Haijaja. Jembe la jirani alilichukua siku mbili kabla ya Watakatifu Wote. Limebaki shambani, likaota kutu, mpini ukaliwa na mchwa. Kitabu cha nyimbo cha kanisani. Mwavuli wa katekista. Sinia la shangazi yake. Tochi ya Mwalimu."

"Tochi yangu!" Mwalimu akaweka kalamu chini. "Kumbe ni wewe? Mimi nilimfukuza shamba-boi kwa tochi ile!"

Basi ikawa soko. Huyu anadai kamba ya kufungia mzigo, yule anadai msumeno. Shangazi akasimama kabisa: "Na sinia langu lilikuwa la harusi! La maua mekundu! Nilidhani wifi umelificha!"

"Nyie!" Mama alisimama pia. "Mmekuja kumwandikia mwanangu kazi, au mmekuja kumfunga?"

Ndipo nikaona kwamba nisiposema nitapoteza vyote. Nikasimama katikati ya ua, mimi niliyepokelewa jana kwa vigelegele. Nikasema: "Hakuna kazi. Chuo kimenisimamisha. Mitihani nimeacha nusu. Daktari anasema huenda ni hali niliyozaliwa nayo, lakini lazima mama aseme kweli jinsi nilivyokuwa, la sivyo sirudi chuoni."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Shangazi alijifunga khanga upya, akaketi. Mama alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akaingia jikoni na hakutoka. Mwalimu alikunja karatasi akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, umemwacha mama yako anasema uongo mbele za watu." Akaondoka, na wengine nyuma yake.

Nimejivunia mambo mengi maishani. Siku ile siihesabu.

Asubuhi yake nilimkuta mama anapepeta mchele. Hakuinua macho. "Kamwite Mwalimu," akasema. "Yeye tu. Na alete ile karatasi."

Mwalimu alipoketi, mama aliendelea kupepeta, akawa anaongea kwa mdundo wa ungo. "Futa yale ya jana. Andika hivi. Huyu alipoanza kutembea hakutembea, alikimbia. Siku moja ya kupalilia nilimpoteza mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta kwenye mfereji wa mashamba, maji yamemfika kifuani, anamfuata kereng'ende. Kesho yake nikaenda kwa yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake ng'ambo ya mto. Nikaazima kwake kengele ya ndama. Nikamfungia mwanangu mguuni. Nikisikia inalia, najua yupo. Ikinyamaza, natupa jembe nakimbia. Ameivaa mpaka siku ya kwenda shule, nikaifungua mlangoni mwako, Mwalimu. Wewe hukuiona."

Mwalimu alikuwa ameacha kuandika. Mama akamngoja.

"Watu walisema nimempeleka kwa mganga, ile ni dawa. Padre wa wakati ule akaniuliza, nikanyamaza. Nikakaa bila komunyo tangu Kwaresima hadi Noeli. Niliona heri waseme mimi ni mshirikina kuliko waseme mwanangu si mzima. Andika na hilo."

Mimi kengele ile sikuikumbuka kwa macho. Nilikumbuka mlio wake tu. Miaka yote nilidhani utoto wa kila mtu una kengele ndani yake.

Nafasi kwenye karatasi ilikwisha, Mwalimu akaandika nyuma, na orodha ya mjomba ya jana akaitia pia. Kisha akasoma sehemu ya pili. Je, alipenda kupanga vitu kwa mstari? Hapana, alivitawanya. Je, alichukia utaratibu ukibadilishwa? Hakuwa na utaratibu. Je, aliepuka kutazama watu usoni, akasema kweli hata pale watu wanapotarajia adabu? Mama alikuwa akijibu hapana, hapana, lakini ungo wake ukawa unakwenda polepole zaidi. Macho yake yalikuwa yamekwenda uani, kwa mdogo wake, ambaye alikuwa anarudisha mahali pake gunia ambalo kuku walikuwa wamelisogeza upana wa kidole.

"Mwalimu," akauliza, "na kama jibu ni ndiyo, ila ni mtu mwingine?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Hapa hakuna nafasi ya mtu mwingine," akasema.

Kabla sijaondoka mama alizamisha mkono ndani ya kihenge cha mpunga akatoa kitambaa kilichofungwa. Ndani yake ilikuwa kengele, ndogo, ya chuma cheusi. "Haikuwa yangu," akasema, "na aibu ya kuirudisha ilinishinda. Chukua. Mwonyeshe daktari asije akasema nimetunga."

Daktari alisoma upande wa mbele haraka na upande wa nyuma mara mbili. Aliitikisa kengele sikioni mwake. "Mama yako alianza matibabu miaka ishirini kabla yangu," akasema, akachukua kalamu kuandika barua ya chuo.

Juu ya dawa hakunificha. Kuna vidonge, alisema, huko alikosoma; hapa hana, na hatanidanganya kwa kunipa kingine chenye rangi. Alichonipa ni kazi. Kila wiki nilikwenda kwake. Alinifundisha kwamba kichwa changu si ghala, nisikiwekee kitu. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari moja, si mawili. Kazi kubwa niikate vipande ninavyoweza kumaliza kabla mguu haujaanza kucheza. Barua yake iliomba nifanye mitihani katika chumba kidogo, na niruhusiwe kusimama. Mkuu wa idara alikubali, ila alisema waziwazi kwamba anafanya hivyo ili aone mwisho wa hadithi.

Jambo moja ni ubunifu wangu, na silitoi kwa mtu. Niliifunga ile kengele kwenye mkanda wa mkoba wangu wa vifaa. Nikitembea inalia. Nikiinuka mahali nikaenda bila kusikia mlio, hatua ya tano au ya sita nasimama, narudi, nauchukua mkoba. Wanafunzi waliniita Ndama. Sikujali. Waliniita Ndama mpaka matokeo yalipobandikwa na Ndama akawa wa pili katika darasa la watu thelathini na wawili, kisha wakaanza kuniita Fundi.

Msidhani nilipona kama mtu anavyopona malaria. Niliunguza sufuria. Nilisahau siku ya daktari mwenyewe, mara mbili, naye alicheka akasema huo nao ni ushahidi. Bado hadi leo naweza kuingia chumbani nikasahau nimefuata nini. Tofauti ni kwamba zamani nilijiona mtu mbaya aliyejificha ndani ya mtu hodari. Sasa najua ni mtu mmoja, na anahitaji daftari.

Daktari alikuwa ameniuliza habari za mjomba, kwa kuwa Mwalimu, licha ya maneno yake, alikuwa ameandika mstari mmoja mdogo chini kabisa ya ukurasa. Anajitegemea? Ana shamba, nikasema, na hakuna mwenye mpunga safi kuliko wake. Anateseka? Watu wanamcheka, nikasema. "Mwambie akitaka kuja, aje," akasema. Nilipompelekea ujumbe, mjomba alijibu, "Sina homa." Akaendelea na magunia. Lakini tangu siku ile mama hakuruhusu mtu ayasogeze kwa utani, na shangazi alipojaribu, mama alimwambia neno moja ambalo siwezi kuliandika.

Nilirudi Mpanda na stashahada yangu ndani ya bomba la plastiki, nikafungua karakana Kawajense chini ya mabati manne. Mwaka uleule, mpunga ulipokuwa umevunwa, nikaenda Majimoto na baiskeli iliyopakiwa mpaka mkulima mmoja njiani akaniuliza kama nahama. Nilikuwa na pampu mpya, jembe jipya lenye mpini wa mninga, msumeno, kamba, mwavuli, kitabu cha nyimbo, tochi yenye betri zake. Sinia la maua mekundu nililitafuta wiki nzima katika masoko ya Mpanda, kwa kuwa shangazi asingekubali maua ya rangi nyingine.

Mjomba alinisindikiza, maana orodha yote ilikuwa kichwani mwake, na yeye hakuhitaji daftari. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Mwalimu aliiwasha tochi mchana kweupe, akammulika usoni mkewe, akasema sasa itabidi amtafute yule shamba-boi amwombe radhi. Shangazi aligeuza sinia chini juu akitafuta kasoro. Hakuiona. "Haya," akasema, "Baba Yetu je?" Nikaisali yote mbele yake, mpaka amina, wala sikuharakisha.

Tulipotoka kwake nilimgeukia mjomba nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nimemaliza!"

"Bado moja," akasema mjomba.

"Ipi tena?"

Akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu.

Yule Msukuma alikuwa amezeeka, amekaa mlangoni mwa zizi lake ng'ambo ya mto. Nilimpa heshima yake, nikamweleza tangu mfereji na kereng'ende, nikafungua kengele nikaiweka kiganjani mwake. Akaigeuza akaitambua kwa alama iliyochongwa ubavuni.

"Mama yako aliniambia ni ya siku mbili," akasema. "Nyie Wapimbwe siku zenu ni ndefu."

"Ilifanya kazi, baba."

"Naona. Umekua, hujapotea." Akamwita ndama mmoja mwekundu, akamfungia palepale, bila sherehe yoyote, na ndama akaondoka kuelekea majani, kengele ikilia.

Tulirudi kwa miguu, mjomba mbele, mimi nasukuma baiskeli tupu. Njia ilikuwa kimya. Kabla ya kufika mtoni nilisimama mara tatu nikageuka ghafla, nikidhani nimesahau mkoba. Ulikuwa begani.